Modemu Juu ya Ufito

Nilipopangiwa kufundisha Naro Moru, binti yangu alikuwa na miaka minne. Nilimwacha kwa mama yangu, kwetu chini ya Mlima Elgon, kwa kuwa sikujua ningelala wapi wala nani angemtazama nikiwa darasani. Nilimwambia mama ni muhula mmoja tu. Alichukua mkoba wa mtoto, akaingia nao ndani na kuutundika kwenye msumari ule ambao mimi mwenyewe nilitundikia sare yangu ya shule ya msingi. Alijua kuliko mimi.

Nilipata chumba kwa mjane mmoja aliyekuwa akiishi peke yake juu ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, mahali ambapo mashamba ya viazi yanaishia kwenye miti na baridi inaanza kuwa ya mlimani kweli. Kila mtu pale alimwita Shosho, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita Mwarimu, kwa r, na kwa muda wote niliokaa kwake hakuniita vingine.

Somo langu ni Kiswahili. Wiki ya kwanza Shosho alisimama mlangoni mwa chumba akaniambia, "Kitanda yako iko tayari."

Nami, kwa ule ugonjwa wa walimu, nikasema kabla sijafikiri, "Kitanda chako kiko tayari, Shosho."

Alinitazama bila hasira. "Mwarimu, wewe fundisha watoto. Mimi shule nilimaliza kitambo. Sasa kitanda iko tayari ama haiko?"

"Iko, Shosho."

"Haya. Kuja ukunywe chai."

Sikumsahihisha tena. Leo nikikumbuka kutunzwa na mtu mzima nikiwa mtu mzima, nakumbuka kwa Kiswahili kile, kisichojali ngeli.

Nyumba yake ilikuwa kwenye kibonde. Upande wa mashariki ulikuwa Mlima Kenya, ambao asubuhi hujionyesha mzima na kufikia saa nne umeshajifunika. Upande wa magharibi, kati yetu na barabara, kulikuwa na mgongo wa kilima, na nyuma ya mgongo huo ndiko kulikosimama mnara wa mtandao, ule ambao watu wa huku huuita busta. Kwa hiyo simu pale nyumbani ilishika kwa kuhema. Ukitaka kuzungumza ulitembea hadi kwenye geti, ukasimama karibu na nguzo ya kushoto, na hapo ulisikia sauti ikija na kupotea.

Nilisimama kwenye nguzo ile kila jioni kumpigia binti yangu. Mtoto wa miaka minne hajui simu. Ningemuuliza, "Umekula?" halafu kimya. "Umeoga?" Kimya. Kisha sauti ya mama yangu ingekuja kutoka mbali, "Anatikisa kichwa. Anakubali." Jioni baada ya jioni mtoto wangu alinijibu kwa kichwa, nami nikiwa upande wa pili wa nchi nikisikiliza upepo.

Ndipo nilipoamua kununua modemu. Kompyuta ya mkononi nilikuwa nayo, nzee kidogo lakini yenye betri nzuri, niliyoitumia kuandaa mitihani. Mwalimu mwenzangu aliniambia modemu ingeleta mtandao hata mahali simu yangu iliposhindwa. Hakunieleza kwa nini, na sikuuliza. Jumamosi nilikwenda Nanyuki, nikaikuta kwenye duka moja la vitu vilivyotumika: kidude cheusi cha ukubwa wa kidole gumba, chenye kifuniko upande mmoja na pua ya chuma upande wa pili. Kwenye boksi walikuwa wameandika dongle, neno ambalo sijawahi kusikia mtu akilitamka. Wote tunaita modemu.

Nilifika nyumbani, nikatia laini yangu ndani yake, nikaichomeka kwenye kompyuta. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Ikapepesa mpaka chai ikapoa. Kompyuta ikaniandikia kwamba laini hiyo haikubaliki.

Jumamosi iliyofuata nikairudisha Nanyuki. Yule aliyeniuzia hakuwapo, lakini jirani yake, mwanamke fundi wa simu mwenye kibanda cha kioo na taa ndogo ya kuchungulia vitu, aliichukua akaigeuzageuza.

"Hii imefungwa," alisema. "Ilitengenezwa ikubali laini za kampuni moja tu. Nitakufungulia. Lakini kaa hapo nikueleze, maana naona ulinunua tu kwa sababu uliambiwa."

Nikaketi kwenye stuli yake. Sijawahi kuelezwa kitu vizuri namna ile, na mimi kueleza ndiyo kazi yangu.

"Modemu ni simu," alisema, "lakini simu isiyo na mdomo wala masikio. Ndani ina laini kama simu yako. Ina namba yake. Hata ujumbe inapokea. Ila haiongei na haisikii, na haina kioo cha kukuonyesha chochote. Kazi yake ni moja, kuongea na busta na kuipa kompyuta kile ilichopewa. Sasa ikiwa haioni busta, hata uiweke kwa kompyuta ya bei gani, haina cha kukupa. Nyekundu, inatafuta. Kijani, imepata lakini ni kidogo. Ikiwa buluu, fanya kazi yako."

"Na nyumbani kwangu kuna kilima."

"Basi usipeleke kompyuta kwa kilima. Peleka modemu." Akatoa waya wenye tundu upande mmoja na pua upande wa pili. "Chomeka hii kati yao. Usitafute mrefu kuliko huu, nguvu itaishia njiani. Iweke modemu juu, nje ya ukuta, mahali inaweza kuona."

Nilirudi na waya umezungushwa shingoni kama nyoka wa mganga. Shosho alikuwa anamenya viazi kwenye jikoni yake, ile ya mbao iliyosimama peke yake nje ya nyumba, na aliponiona nikizunguka uwanja na kompyuta mkononi, nikiinua kile kidude juu na kukishusha, aliweka kisu chini.

"Mwarimu, hiyo inatafuta nini?"

"Mtandao, Shosho. Niko na modemu."

"Inakula nini?"

"Moto wa kompyuta. Na bando."

"Lete nione." Aliishika kwa vidole viwili, akaipuliza kama anayeondoa vumbi. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: kwamba ni simu, lakini haina mdomo wala masikio. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Kama ule sister yangu wa Kenol."

Sikuelewa, naye hakuendelea. Alisimama, akafuta mikono kwenye leso yake, akatoka nje akitembea upande upande kama alivyotembea siku zote kwa sababu ya magoti. Alisimama kwenye pembe ya jikoni akanyoosha mkono kuelekea kwenye mgongo wa kilima.

"Unaona pale miti imeachana? Hapo ndio njia ya miguu inapitia. Mzee wangu alikuwa anabebea wageni mizigo, wale wa kupanda mlima. Wakishuka wanapitia town kwanza, alafu yeye anapanda kutoka barabarani. Akifika hapo kwa hilo pengo, anapiga mluzi. Mimi nikiwa hapa jikoni nasikia, naweka maji kwa moto. Nikiwa ndani ya nyumba sisikii. Nikiwa kwa ng'ombe sisikii. Ni hapa tu." Akagonga ukuta wa mbao kwa kiganja. "Kama mluzi ilikuwa inapita, hiyo kitu yako itapita."

Alileta ufito mrefu uliokuwa ukishikilia kamba ya nguo. Tukafunga modemu kwenye ncha kwa mpira wa kukatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kwa sababu ya mvua akaifunika na kopo tupu la plastiki la mafuta ya kupikia, mdomo ukiangalia chini. Tukausimamisha ufito ukutani, tukaufunga, waya tukaupitisha dirishani. Niliweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, kati ya viazi na bakuli la maziwa, nikaiwasha. Taa sikuweza kuiona tena, imefunikwa na kopo, ila Shosho aliinama chini ya ufito, akachungulia juu.

"Ni nyekundu," alisema. "Ni nyekundu. Bado ni nyekundu. Ngoja. Ati ni ya kijani." Akainama zaidi. "Sasa ni kama mbingu."

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, nilimpigia mama kwa video. Uso wake ulijaza kioo, pua kwanza, maana aliishika simu karibu mno. Kisha akampa mtoto. Binti yangu alinitazama. Aliigusa simu. Kisha akaigeuza, akaangalia nyuma yake kuona nimekaa wapi, nami nikaona ukuta wa kwetu, paa la kwetu, na kidole gumba chake.

"Umekula?" nilimuuliza alipoirudisha.

Akatikisa kichwa. Nikamwona akitikisa. Nikamuuliza kama ameoga, akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka nywele zake zikaruka. Hapo ndipo nilipolia. Shosho aliondoa sufuria motoni ili isitoe kelele, akaishikilia mkononi, nzito ilivyokuwa, mpaka nilipomaliza.

"Mama, huyo ni nani?" mtoto aliuliza, maana bega la Shosho lilikuwa limeingia kwenye picha.

"Huyo ni Shosho."

"Ana kuku?"

Shosho alitoka nje. Tulisikia purukushani, kisha akarudi na kuku mwekundu kwapani, akamwinamisha mbele ya kompyuta. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Mtoto akizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kibukusu, Shosho akimjibu kwa chake, na mimi mwalimu wa lugha nikiwa kati yao sina kazi.

Ilipita kama wiki mbili. Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari mezani kwake, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua, "Mwarimu, hiyo kitu inaweza kufika Kenol?"

"Inafika popote, Shosho. Ila kule mtu awe na simu ya kuonyesha picha."

"Mke wa kijana yake iko nayo."

Ndipo akanieleza. Mdogo wake, aliyemfuata tumboni, aliolewa upande wa Murang'a na sasa alikuwa akiishi Kenol, pale barabara zinapokutana, na mkaza mwanawe ambaye huuza matunda karibu na stendi. Masikio yalimfifia taratibu baada ya kuugua, mpaka yakafa kabisa. Zamani Shosho alikuwa akimtembelea, lakini magoti yalipoharibika safari ya Karatina na Sagana mpaka Kenol ikawa ndefu kuliko mwili wake. Mwaka wa tatu ulikuwa unakaribia kwisha bila kuonana.

"Simu ninapiga," alisema. "Mke wa kijana anaambia mimi, 'Yuko sawa, anakusalimia.' Hiyo salamu inatoka kwa mdomo ya mtu mwingine. Mimi nitajuaje ni yake?"

Nikafikiria nguzo ya geti na mama yangu akiniambia mtoto anatikisa kichwa.

Tulipanga na yule mkaza mwana iwe Jumapili baada ya kanisa. Shosho hakubadilisha nguo alipotoka ibadani. Alikaa na kitambaa chake cheupe cha kichwa, akajipaka mafuta usoni upya, akaniuliza aketi wapi ili aonekane vizuri. Nilimkalisha mbele ya dirisha, kisha nikaona mwanga unamtoka nyuma, nikamgeuza. Alikubali kugeuzwa kama mtoto anayepigwa picha ya shule.

Simu ikapokelewa. Tulimwona kwanza mkaza mwana, mwanamke mwenye uso mpole na aproni, akitusalimu kwa haraka. Kisha picha ikayumba, ikatulia juu ya mwanamke mzee aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, na mapajani mwake kiondo ambacho hakijakwisha. Alikuwa Shosho yule yule, mwembamba zaidi.

Shosho alianza kuzungumza kwa sauti kubwa, kwa Kikuyu, maneno mengi. Yule mwingine alitazama tu. Kisha Shosho akakumbuka. Akafunga mdomo. Nilimwona akitafuta la kufanya, mikono ikiwa imeinuliwa nusu. Kule Kenol mdogo wake akasogeza uso karibu na simu, karibu sana, na ghafla akaelewa kwamba yule si picha, ni mtu, na anamwona. Akaweka kiganja mdomoni. Mabega yake yakatikisika. Sikujua kama alikuwa akicheka au akilia, na nadhani hata yeye hakujua.

Waliongea kwa mikono. Shosho alionyesha magoti yake, akakunja uso. Mdogo wake akajigusa sikio, akatupa mkono kama anayefukuza kuku. Akainua kile kiondo. Shosho akakitazama, akasogea, kisha akatikisa kidole: hapana, hapo umekosea. Mdogo wake akakigeuza, akakagua mstari wa nyuzi, akapiga paja lake kwa mshangao, maana kweli alikuwa amekosea. Akaanza kufumua pale pale mbele yetu.

Katikati ya kufumua picha ikaganda. Mvua ilikuwa imeanza, na upepo.

"Ameenda?" Shosho aliuliza.

"Hajaenda, Shosho. Ni mtandao."

Kabla sijasimama alikuwa ameshatoka. Nilimsikia nje akihangaika na ufito, ambao upepo ulikuwa umeuinamisha.

"Hapo?"

"Bado!"

"Hapo?"

"Kidogo kushoto, Shosho. Hapo! Hapo hapo!"

Mdogo wake aliporudi kwenye kioo aliona kiti kitupu. Akamtazama mkaza mwana, akanitazama mimi. Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Naye Shosho akaingia, kitambaa cheupe kimelowa, maji yakimtiririka kwenye mashavu yaliyopakwa mafuta, akaketi tena, akainua mikono miwili kusema: niko hapa.

Basi ikawa desturi yetu. Jumamosi ya binti yangu, Jumapili ya Kenol. Nilijifunza kuangalia hali ya hewa kama mkulima, na kununua bando kabla ya ibada. Stima ilipopotea, jambo ambalo halikuwa nadra, hatukujali, kwa kuwa modemu ilikula kwenye betri ya kompyuta na betri ilitosha saa mbili.

Jumapili ya nne au ya tano, tulipomaliza, Shosho hakusimama. Alikaa akitazama kioo kilichozimika.

"Mwarimu, umeona amekunywa maji mara ngapi?"

Sikuwa nimeona.

"Mara tatu. Kikombe kubwa. Na wiki ile ingine pia alikuwa na kikombe. Na kitambaa ya kichwa inateremka, kichwa imekuwa ndogo." Alinionyesha kwa vidole jinsi mkono wa mdogo wake ulivyokuwa mwembamba kwenye kifundo. "Mzee wangu alianza hivyo. Maji, maji, alafu anakonda na anakula. Tulisema ni uchovu ya mlima. Ilikuwa ni sukari. Tulijua ikiwa imeshamaliza miguu."

Akaniambia nimpigie mkaza mwana tena, simu ya kawaida. Nikamkuta bado yuko nyumbani. Wakaongea Kikuyu, lakini Shosho alimweleza kwa namna ambayo hata mimi nilifuata, na baadaye akanitafsiria. Mwanamke yule alisema mama anakula vizuri, hajalalamika, ni uzee tu.

"Nimemwambia, wewe unamwona kila siku. Kitu ya kila siku haionekani. Mimi namwona mara moja kwa wiki, kwa hiyo mimi ndio naona. Nimemwambia ampeleke hospitali kesho. Si wiki ijayo. Kesho."

Jumatatu nilifundisha bila kujua nafundisha nini. Nilipofika nyumbani Shosho alikuwa amesimama kwenye geti, kwenye nguzo ya kushoto, na simu yake ya vibonyezo sikioni. Alikuwa akisema neno moja tena na tena, taratibu, neno la kubembeleza. Alipokata akaniambia mdogo wake amelazwa. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari alisema wangechelewa siku chache wangemkuta hajijui. Aliyekuwa akilia kwenye simu ni mkaza mwana, akijilaumu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia asilie. Yeye ndiye alishika hiyo simu mimi nikaona."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumatano, saa ya kutembelea wagonjwa, mkaza mwana alituonyesha wodi. Mdogo wake Shosho alikuwa amelala na mrija mkononi, macho yamefungwa. Hakuweza kusikia kwamba tuko pale. Mkaza mwana akamgusa bega, akamwekea simu mbele ya uso. Alifungua macho, akamtazama dada yake kwa muda, kisha akainua kidole kimoja na kukitikisa, vile vile Shosho alivyomtikisia siku ya kiondo. Shosho akacheka mpaka akakohoa. Akaenda nje. Nilimwacha huko. Nilibaki na yule mgonjwa, mimi nikimtazama yeye naye akinitazama, wageni wawili wasiojua lugha moja, na tukakaa hivyo kwa amani mpaka muda wa kutembelea ulipokwisha.

Alitoka hospitali na sindano za kila siku na orodha ya vyakula. Shule zilipofunga mwezi wa nane, mkaza mwana alimleta Naro Moru akapumzike. Nilikuwapo gari lilipowashusha barabarani, na nilibeba mkoba wake kupanda njia ya miguu. Tulipofika penye pengo la miti alisimama apumue, akaona jikoni ya mbao kule chini, na dada yake amesimama mlangoni.

Nilidhani watakumbatiana na kulia. Hawakufanya hivyo. Walishikana mikono kwa nguvu, wakatazamana juu na chini kama watu wanaokagua ng'ombe, kisha wakaketi kwenye benchi juani. Kutwa nzima sikuwasikia wakitoa sauti. Mmoja alichambua maharagwe na mwingine akasuka. Mara kwa mara Shosho alinyoosha mkono akaushika ule mkono mwembamba kwenye kifundo, akaupima kwa kidole gumba na cha shahada, akaurudisha mahali pake.

Siku ya tatu Shosho alinijia chumbani nikipanga nguo za kwenda likizo kwetu.

"Mwarimu. Mimi nimeletewa wangu. Wako atakuja lini?"

Nikaanza kumweleza habari za shule, za nani angemtazama, za baridi.

"Baridi iko na sweta," alisema. "Na mimi niko hapa siku yote, naenda wapi na hii miguu? Asubuhi unanipatia yeye, jioni nakurudishia. Hata anajua kuku yangu."

Nilijua ni nini kilichokuwa kikinizuia: niliona haya kumnyang'anya mama yangu mtoto. Lakini nilipofika kwetu mama alikuwa ameshaushusha mkoba kutoka kwenye msumari. Shosho alikuwa amempigia simu. Namba aliitoa wapi sijui hadi leo, na waliongea lugha gani sijui vilevile. "Mwenzangu ameniomba," mama alisema, "na ameomba kwa adabu." Aligeuka haraka kuangalia chungu ambacho hakikuwa na kitu ndani. Nilimwahidi Jumamosi zake. Safari hii yeye ndiye angekaa upande ule wa kioo.

Tulifika Naro Moru alasiri ya siku ya pili. Binti yangu alipanda njia yote kwa miguu yake mwenyewe, ameshika vidole vyangu, akiuliza kama mlima ule mweupe, ambao siku hiyo ulikuwa bado haujajifunika, ni wa kweli. Wazee wawili walikuwa kwenye benchi. Shosho alipotuona alisimama, akaja akitembea upande upande, mikono mbele.

Mtoto alisimama ghafla, akajificha nyuma ya sketi yangu. Aliwaza. Kisha akachungulia.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, "Shosho ana miguu!"

Muda wote huo alikuwa amemwona kuanzia kifuani kwenda juu. Shosho alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Mdogo wake alimvuta nguo kutaka kujua kimesemwa nini, na Shosho, kwa kukosa ishara nyingine, akapandisha sketi kidogo, akayapigapiga magoti yake mabovu kwa viganja viwili, akamwonyesha mtoto kwa kidole. Yule asiyesikia akaelewa. Akanyoosha na miguu yake pia, myembamba, ndani ya soksi za sufu, ili mtoto aone kwamba hata yeye anayo.

Binti yangu akatoka nyuma yangu, akaenda kuitazama kwa karibu.